Kwa Mkono Wake Mwenyewe

Keekee ilisahaulika darini. Mjomba mtu, aliyekuwa seremala, alitengeneza mlango wa siri wa kupandia huko, na alipomaliza akaiacha imechomekwa ubaoni. Mpwa wake aliigonga kwa kichwa gizani. Aliipapasa, akaitambua, akafurahi kama aliyeokota hazina.

Hapo ni Edenton, mji mdogo wa bandari katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 1835. Mwanamke mwenyewe ni Harriet Jacobs, mtumwa, aliyezaliwa mwaka 1813. Dari lilikuwa juu ya banda lililoungana na nyumba ya bibi yake. Urefu futi 9, upana futi 7, na mahali palipoinuka kuliko pote futi 3. Kutoka hapo paa liliteremka ghafla hadi sakafuni. Aliweza kulala ubavu mmoja tu. Akigeukia wa pili anagonga paa. Hapakuwa na tundu la mwanga wala la hewa.

Anavyoeleza alivyolipata tundu ndivyo vilivyonifanya nimwamini kama fundi. Kwanza alipapasa kuta mpaka akajua upande uliotazama barabara, kwa kuwa watoto wake wawili walikuwa wakipita huko. Akaichomeka keekee mahali hapo, kisha akaacha. Mchana ulikuwa na macho mengi. Jioni ilipoingia akatoboa safu tatu za vitundu, moja juu ya nyingine. Baada ya hapo akarudi kutoboa mbao zilizobaki kati ya kitundu na kitundu, hadi vyote vikawa tundu moja lenye urefu wa inchi moja na upana wa inchi moja. Alikaa hapo mpaka usiku wa manane akivuta hewa. Asubuhi akaweka jicho lake kusubiri watoto. Mtu wa kwanza kupita alikuwa yule yule bwana aliyekuwa akimkimbia.

Seremala akiisoma aya hiyo anaweza kulitoboa tundu lile bila kuuliza swali. Zana imetajwa, mahali pamechaguliwa, saa imesubiriwa, idadi ya safu imehesabiwa, kipimo kimetolewa. Hakuna sifa hata moja ya kupamba. Halafu, baada ya kazi yote hiyo, sentensi moja fupi inamleta adui mlangoni. Kitabu chake, *Incidents in the Life of a Slave Girl*, kilichotoka Boston mwaka 1861, kina sura 41, na karibu zote zimefanyiwa kazi namna hii.

Ufundi huo ulianzia kwenye sindano. Mmiliki wake wa kwanza, Margaret Horniblow, alimfundisha kushona, na pia kusoma na kuendeleza maneno. Alipofariki mwaka 1825, binti huyo alitarajia kuachwa huru. Nyongeza ya wosia ikasema vingine: Harriet aliachwa kama urithi kwa mtoto wa miaka mitatu, katika mstari mmoja na kabati la droo na meza ya kazi pamoja na vilivyomo. Aliyefundishwa kushona aliandikwa pamoja na meza ya kushonea. Baba wa mtoto yule alikuwa daktari, James Norcom, na ndiye aliyegeuka kuwa bwana wake hasa.

Kusoma alifundishwa, kuandika alijifundisha mwenyewe. Daktari alimkuta siku moja akijaribu herufi, akakunja uso, kisha akaona faida. Vikaratasi vikaanza kusukumwa kiganjani mwa msichana, vyenye maneno ambayo mzee wa makamo hapaswi kumwandikia binti wa miaka 15. Alivirudisha kimoja kimoja akisema hajui kusoma. Bwana akamjibu kwamba basi atamsomea yeye. Nani alipata kujifunza kusoma na faida yake ya kwanza ikawa kukana kwamba anajua? Miaka michache baadaye bunge la North Carolina lilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika.

Alipotoroka, Norcom alitoa tangazo gazetini, zawadi ya dola 100. Bado lipo. Linaeleza urefu wake, nywele zake, jinsi anavyozungumza kwa ufasaha, na kwamba ni mshonaji mzuri anayezoea kuvaa vizuri. Hivyo aliyemwinda alimwandika kwanza, na katika kumwandika akakiri mambo mawili ambayo baadaye yangemponza: mwanamke yule alijua kusema, na alijua kushona.

Darini alikaa karibu miaka saba. Hesabu yake alipotoroka haikuwa ya kujificha tu. Aliamini kwamba daktari akidhani ametorokea mbali, atachoka na kuwauza watoto, na baba yao, mwanasheria mzungu Samuel Tredwell Sawyer, atapata nafasi ya kuwanunua kupitia mchuuzi wa watumwa. Ikawa hivyo. Lakini daktari hakuacha kutafuta, na hapo Harriet akaandika kazi yake ya kwanza ya kubuni.

Zilikuwa barua mbili, moja kwa daktari na moja kwa bibi yake. Zilipaswa kuonekana zimetoka New York, mji ambao hajawahi kuufika. Akamwomba rafiki amletee kipande cha gazeti la New York. Kilipofika, hakusoma habari. Alitafuta mtaa na namba ya nyumba. Gazeti lenyewe, anasema kwa dhihaka, lilikuwa na tabia ya kuwatukana weusi, na kwa mara moja likawatumikia. Akaandika tarehe ya mbele, akihesabu siku ambazo barua ingesafiri. Mtu mwaminifu akazipeleka kaskazini, akazitia posta kule, nazo zikarudi Edenton zikiwa na mhuri wa kweli.

Daktari alikuja na barua mkononi kumsomea bibi mtu. Harriet alikuwa ameshamwambia bibi yake amkalishe karibu na mlango fulani na auache wazi. Akashuka, akasikiliza. Alichokisikia hakikuwa barua yake. Daktari alikuwa ametunga nyingine, ya mtoro anayejuta na kuomba kurudi nyumbani, na alikuwa akiisoma kwa sauti ya mtu anayesoma kweli. Sijui mwandishi mwingine aliyemsikiliza msomaji wake akiighushi kazi yake kwa masikio yake mwenyewe, umbali wa hatua chache, asiweze hata kukohoa.

Tundu la inchi moja lilimpa pia mwanga wa kushonea. Alitengeneza vitu vya kuchezea na kuwashonea watoto nguo kwa ajili ya Krismasi, akawatazama wakizivaa barabarani bila kujua zimetoka juu ya vichwa vyao. Alishuka mwaka 1842 na kuondoka kwa mashua hadi Philadelphia. Viungo vyake vilikuwa vimedhoofika kwa miaka ya kutonyooka.

Kaskazini alipata kazi ya yaya katika familia ya Nathaniel Parker Willis, mwandishi na mhariri aliyekuwa na jina kubwa New York. Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850 ilipopita, kila mtaa ukawa mtego, kwa kuwa warithi wa Norcom waliendelea kumdai. Mwaka 1852 mke wa Willis, Cornelia, alimnunua kwa dola 300 na kumwachia huru. Harriet alishukuru na kuchukia kwa pamoja. Alikuwa amekataa kununuliwa, maana kununuliwa ni kukubali kwamba uliwahi kuwa mali. Msomaji makini atakumbuka kwamba dola 300 zimetajwa tayari ukurasa wa mwanzo mwanzo. Ndicho kiasi ambacho bibi yake, Molly Horniblow, alikuwa amekidunduliza kwa kuoka biskuti usiku baada ya kazi za mchana, kiasi ambacho mmiliki wake alikikopa na hakikulipwa kamwe. Harriet hazifungi hesabu hizi mbili kwa kamba. Ameziacha kila moja mahali pake.

Rafiki yake Amy Post wa Rochester, Mkweka aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, ndiye aliyemhimiza aandike. Alisitasita muda mrefu. Kulikuwa na jambo moja la kumtia aibu, nalo ndilo lililokuwa kiini cha hadithi: ili kumkwepa daktari, akiwa na miaka 15 hivi, alimchagua Sawyer na kuzaa naye bila ndoa.

Kwanza alifikiria kumpa mtu mwingine kazi. Mwaka 1853 Post alimwandikia kwa niaba yake Harriet Beecher Stowe, ambaye *Uncle Tom's Cabin* ilikuwa imemfanya maarufu duniani. Stowe alitaka kuyatumia maisha yale ndani ya kitabu chake kingine, na barua ya Post, yenye siri za watoto, akaipeleka kwa Cornelia Willis kuuliza kama ni kweli. Cornelia hakuwa ameambiwa siri hizo. Harriet aliumia, akaandika kueleza kwamba maisha yake yanastahili kitabu chake yenyewe, akangoja jibu, halikuja. Basi akaishika kalamu.

Hapa nasimama kidogo, maana ni jambo linalotuhusu. Wanawake wengi waliotumikishwa waliingia vitabuni kwa mkono wa mtu mwingine. Mary Prince, mzaliwa wa Bermuda, alisimulia London na mwingine akaandika. Kitabu kikatoka mwaka 1831. Kusini magharibi mwa Tanganyika, bibi Narwimba alisimulia alivyotekwa na kuhamishwa huku na huko, na aliyeandika ni mmisionari wa Kimoravia, Elise Kootz-Kretschmer. Kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, cha mwaka 1934, kiliandikwa na mwana wa walioachwa huru, mwanamume. Na Zanzibar? Sayyida Salme alijifunza kuandika kwa siri kwenye mfupa wa bega la ngamia, na kumbukumbu zake zikachapwa Ujerumani mwaka 1886. Mama yake alikuwa suria, mtumwa kutoka Circassia. Binti aliandika, wa mama hatuna ukurasa.

Mazoezi ya Harriet yalikuwa ya gazetini. Mwaka huo huo wa 1853 Julia Tyler, mke wa rais wa zamani, alitetea utumwa hadharani na kudai kwamba watumwa hawauzwi mbali na jamaa zao ila kwa nadra. Harriet aliliona gazeti, akajibu. Barua yake ilichapwa na *New York Tribune* mwezi Juni bila jina, kwa sahihi ya mtumwa mtoro. Ilikuwa kazi ya haraka, na yeye mwenyewe aliona mapengo yake. Lakini ilichapwa.

Halafu ikaja miaka ya kitabu chenyewe. Akina Willis walihamia Idlewild, jumba walilojenga Cornwall, juu ya mto Hudson. Mwenye nyumba aliandika huko mchana, katika chumba chake, na akachapisha kitabu kizima kuhusu mandhari ya jumba hilo. Yaya aliandika juu, usiku, baada ya watoto kulala. Hakumwambia bwana Willis wala hakumwomba msaada, kwa sababu alimwona ni mtu anayeuvumilia utumwa. Katika barua kwa Post alilalamika si juu ya uchovu bali juu ya kukatizwa: mtoto akilia, kalamu inawekwa. Alitamani miezi miwili tu ya utulivu. Mswada wake ukiwa bado mbichi, aliufananisha na buu lililomo ndani ya kifuko chake, ambalo halitakuwa kipepeo, na akasema ataridhika likitambaa miongoni mwa wadudu wadogo.

Iliendelea hivyo tangu 1853 hadi 1858. Usiku mmoja aya, usiku mwingine hakuna kitu. Ni zile safu tatu za vitundu. Mbao za katikati zitatobolewa baadaye.

Barua zake halisi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rochester. Zina herufi kubwa mahali zisipotarajiwa, vituo vichache sana, na tahajia inayofuata sikio. Anayezisoma anaona mawazo yakikimbia mbele ya sheria za darasani. Kutoka hali hiyo hadi mswada wa kupeleka kwa mchapishaji kulihitaji hatua nyingine, nayo ilifanywa na binti yake Louisa, mmoja wa wale waliotazamwa kupitia tundu. Louisa alikuwa amesoma shule. Alinakili kurasa za mama, akaweka vituo, akanyoosha tahajia. Sauti hakuigusa.

Sauti hiyo inasikika vizuri zaidi katika sura ya Sawyer. Ndani ya kitabu watu wote wamepewa majina ya kubuni: Norcom ni Dr. Flint, Sawyer ni Mr. Sands, yeye mwenyewe ni Linda Brent. Anapofika kwenye aibu yake haruki. Anapunguza mwendo, anamgeukia msomaji, mwanamke wa kaskazini aliyelindwa na sheria na ndoa, na kumwambia aliyotenda aliyatenda kwa kujua. Kisha anatoa hesabu zake: hasira ya daktari, uwezekano wa kuuzwa, tofauti ya mtu anayekumiliki na mtu asiyekumiliki. Anaomba kuhurumiwa, na kabla huruma haijapoa anadokeza kwamba mwanamke aliyetumikishwa hapaswi kupimwa kwa kipimo cha walio huru. Mwingine angeandika ama toba ama utetezi. Yeye aliviweka viwili katika kurasa chache na hakuonyesha mshono.

Anajua pia kuchoma. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner mwaka 1831 wazungu walipekua nyumba za weusi Edenton. Harriet alipanga kila kitu kwa unadhifu ili wapekuzi waudhike kuona weusi wanaishi vizuri. Wakakuta maandishi, wakashtuka kwamba anasoma. Walipomuuliza nani humwandikia barua, akajibu kwamba nyingi hutoka kwa wazungu, na baadhi yao huomba zichomwe zikishasomwa. 

Mswada ulipokamilika ikaanza kazi ya kuuza. Mwaka 1858 alivuka bahari hadi Uingereza, akarudi bila mchapishaji. Kampuni moja ya Boston ilikubali iwapo Willis au Stowe ataandika dibaji; Harriet hakutaka kumwomba Willis, Stowe alikataa, kampuni ikafilisika. Ya pili, Thayer and Eldridge, ilitaka dibaji ya Lydia Maria Child, mwandishi mkongwe. Child alikubali na pia akahariri.

Uhariri wa Child unastahili heshima yake. Alikusanya visa vya ukatili vilivyotawanyika na kuviweka sura moja, ili mwenye moyo mwepesi aweze kuivuka. Aliomba maelezo zaidi kuhusu upekuzi wa 1831. Sura ya mwisho, iliyomhusu mpinga utumwa John Brown, aliishauri iondolewe, ili kitabu kiishie kwa kumbukumbu ya bibi mtu. Kuhusu maneno yenyewe alisema kwamba katika kitabu kizima hadhani alibadilisha hata maneno 50. Mhariri mwema ni yule anayehamisha meza bila kukalia kiti cha mwenyewe.

Mabamba ya kuchapia yalikuwa tayari pale Thayer and Eldridge nao walipofilisika. Harriet aliyanunua mabamba yale. Mwanzoni mwa 1861, miezi michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kitabu kilichapwa kwa gharama na niaba ya mwandishi. Ukurasa wa mbele una jina la mhariri. Jina la mwandishi halimo. Badala yake yapo maneno matatu: kimeandikwa naye mwenyewe.

Mwaka uliofuata alikwenda Washington na kisha Alexandria kuwahudumia waliokimbia utumwa vitani, na mwaka 1864 yeye na Louisa wakafungua shule huko. Alifariki mwaka 1897.

Watu hawakuyaamini yale maneno matatu. Katika karne ya ishirini kitabu kilihesabiwa na wengi kuwa riwaya ya Child, na mwanahistoria aliyeheshimika, John Blassingame, aliandika mwaka 1972 kwamba hakiaminiki, kimepangika mno. Ufundi ulitumika kuwa ushahidi dhidi ya fundi. Aliyelimaliza jambo hilo ni Jean Fagan Yellin, ambaye alikaa na zile barua za Rochester na nyaraka za North Carolina, akilinganisha neno kwa neno, wosia kwa wosia, nyumba kwa nyumba. Matokeo yake ya kwanza aliyatoa mwaka 1981, na toleo kamili likachapwa na Harvard mwaka 1987, likiwa na jina la Harriet A. Jacobs juu ya jalada. Yale maneno matatu yaliachwa palepale yalipokuwa.